Spika za Kukaa Nazo Miaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota kwa watu wanaonipigia simu wakiwa dukani, wanaonitumia picha ya spika iliyoshuka kwenye kontena saa tano usiku, na wanaoniletea wufa iliyochanika wameifunga kwenye kanga. Yanahusu spika za kusikilizia muziki nyumbani, zile za bei ya kuuma, ambazo mtu ananunua akitaka ziwe zake kwa miaka ishirini au thelathini. Spika za harusi na za baa zina mambo yake, hazimo humu. Mwenye haraka aanze na swali la 5 na la 11.

## Mwanzo

1. Spika ya bei kubwa ina nini ambacho sabufa ya dukani haina?

Boksi kwanza. Gonga ubavu wa sabufa ya kawaida kwa kifundo cha kidole, itaitika kama debe. Gonga spika nzuri, utasikia "ko" fupi na kavu, kama umegonga ukuta wa tofali. Boksi linalotetemeka linaimba pamoja na mwimbaji, na wewe hukulipia liimbe. Sehemu kubwa ya pesa huishia hapo: mbao nene, viunzi vya ndani, gundi, uzito.

Baada ya boksi kuna krosova, saketi inayogawa kazi ili sauti nene ziende kwenye wufa na nyembamba kwenye twita. Fungua spika rahisi utakuta kapasita moja imening'inia kwenye waya wa twita, basi. Kwenye spika ya maana utakuta koili, kapasita na rezista zilizopangwa kwa hesabu, na wufa na twita zenyewe zimechaguliwa zikapatana.

Halafu ya kushoto na ya kulia zinafanana kweli. Ndiyo maana ukikaa katikati unamsikia mwimbaji amesimama pale katikati ya spika mbili, mahali ambapo hapana kitu. Weka taarab ya zamani: fidla ziko upande mmoja, kanuni inajibu upande wa pili, sauti imetokeza mbele yao. Mtu akishaisikia hali hiyo mara moja huwa harudi nyuma. Ila anayetaka muziki mnene wa kutikisa vioo anaweza kukata tamaa ndani ya dakika tano, na hana kosa. Anatafuta kitu kingine.

2. Sabufa yangu imeandikwa wati 12,000. Mbona spika ya mamilioni imeandikwa wati 100?

Igeuze hiyo sabufa, usome kibandiko cha nyuma karibu na waya wa umeme. Utakuta imeandikwa labda wati 60. Hicho ndicho inachokula ukutani, na kitu hakiwezi kuendelea kutoa zaidi ya kinachokula. Zile elfu kumi na mbili zimeandikwa "PMPO", kipimo ambacho kila kiwanda hujipimia kivyake. Kipimo cha kuaminika ni RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo.

Kwenye spika isiyo na ampifaya ndani, hata hizo wati 100 hazikuambii inatoa nini. Zinakuambia inastahimili kiasi gani. Ukubwa wa sauti unajulikana kwa kipimo kingine, kipo swali la 9.

3. Kweli spika inaweza kukaa miaka thelathini?

Inaweza kukaa zaidi. Klipschorn ya Paul Klipsch, iliyoanza kutengenezwa mji wa Hope, Arkansas, mwaka 1946, bado inatengenezwa na za miongo iliyopita bado zinaimba. Quad ya mwaka 1957, ile pana kama hita, ina mafundi wanaoishi kwa kuifufua mpaka leo. LS3/5A, kispika kidogo kilichobuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 ili watu wa redio wakitumie ndani ya magari ya matangazo, bado inatafutwa kama dhahabu.

Spika ya kawaida haina vitu vingi: sumaku, koili ya waya, koni (ile bakuli inayotetemeka), ringi ya kuishikilia koni, vipande vichache vya saketi, boksi. Vinavyokufa vinajulikana na vinatengenezeka: ringi (swali la 11), twita (12), kapasita (20). Boksi lililokunywa maji (14) ndilo nisiloweza kulifufua. Kwa hiyo ninapomshauri mtu, simuulizi anataka jina gani. Namuuliza ikifa, nani ataifungua, na kipuri atakitoa wapi.

4. Bajeti niigawe vipi?

Nusu au zaidi iende kwenye spika. Ampifaya ifuate. Simu au kompyuta uliyonayo inatosha kuanza nayo. Na bakiza pesa ya zulia na mapazia mazito. Sitanii, soma jibu linalofuata.

## Chumba

5. Dukani ilikuwa tamu, nyumbani inanguruma na maneno hayasikiki. Imeharibika?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara spika ni nzima. Simama katikati ya sebule upige kofi moja kubwa. Ukisikia mlio unaoning'inia kama chemchemi, "tziing", umeshampata mchawi: ukuta wa tofali uliopigwa plasta, sakafu ya vigae, vioo vya aluminiamu. Sauti inagonga inarudi, inagonga inarudi, na kila neno linakanyagwa na mwangwi wa neno lililotangulia.

Mngurumo wa besi ni jambo la pili, na ni la vipimo vya chumba. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Chukua 343, gawanya kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili, utapata noti ambayo chumba chenyewe kinaipenda. Sebule ya mita 5 kwa 4 inapenda hezi (mitetemo kwa sekunde) 34 na 43. Dari ya mita 2.8 inaongeza hezi 61. Gitaa la besi likipita hapo linavimba, likishuka kidogo linapotea. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vinapenda noti ileile na vinaisukuma pamoja.

Sasa jambo ambalo video nyingi za ushauri hazitakuambia. Wengi wanaozitengeneza wako Marekani, kwenye nyumba za fremu za mbao zilizofunikwa jipsamu. Ukuta ule unayumba, unameza sehemu ya besi na nyingine inapita ikatoka nje. Ukuta wetu wa tofali la saruji hauyumbi. Besi ikiingia inabaki humo inazunguka. Mtu wa kule anaambiwa aongeze besi. Wewe mwenye spika ileile, sebuleni Tabata au Nyali, tatizo lako ni kuipunguza. Ndiyo maana mteja wa hapa namwelekeza kwenye spika yenye besi ya wastani, hata kama pesa ya kubwa anayo.

Kuna unafuu tunao ambao wenzetu wa baridi hawana: madirisha. Yafungue. Besi inatoka kama moshi. Jirani ndiye atakayesema.

6. Mkeka na mapazia vinasaidia?

Mkeka hausaidii. Ni mwembamba, unagusa zile sauti za juu kabisa tu. Zulia nene lenye manyoya kati yako na spika linasaidia. Pazia zito lenye mikunjo mingi linasaidia, hasa likining'inia sentimita kumi mbele ya ukuta. Makochi ya sponji yanasaidia sana. Ya ngozi kidogo. Kabati la vitabu lisilopangwa vizuri ni dawa nzuri ya ukuta wa nyuma yako, maana linaitawanya sauti.

Trei za mayai za kubandika ukutani zinapendeza kwenye picha za studio za vijana. Kwa besi hazifanyi lolote, kwa sauti nyingine kidogo mno, na mende watakushukuru.

7. Niziweke wapi?

Wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande zinazokaribiana, mita mbili hadi mbili na nusu kila upande. Twita ziwe usawa wa sikio ukiwa umekaa. Kisha ziondoe kwenye kona. Spika ikisogea ukutani besi inaongezeka, ikiingia konani inaongezeka tena. Anza na nusu mita kutoka ukuta wa nyuma, uvute mbele kidogo kidogo, kiganja kimoja kimoja, huku wimbo uleule unapiga. Pale sauti ya mtu inapoacha kutokea kifuani kwa spika ikasimama yenyewe, weka alama ya chaki sakafuni. Watoto watazisogeza, chaki itakukumbusha.

Klipschorn niliyoitaja juu ni kinyume: imebuniwa ikae konani, na za zamani bila kona besi yake haikamiliki. Ukikuta moja inauzwa, pima kona zako kabla ya kupima mfuko.

Kama huwezi kuzisogeza kwa sababu ya meza ya televisheni, na spika ina tundu nyuma, ziba tundu kwa kipande cha sponji au soksi safi. Besi itapungua bila gharama.

8. Ndefu za kusimama au ndogo za kukaa juu ya stendi?

Chumba cha chini ya mita za mraba ishirini: ndogo, juu ya stendi nzito. Ukitaka besi ya chini baadaye utaongeza sabufa ya maana ukaipunguza mpaka usijue iko wapi. Spika ndefu ni za chumba kikubwa, au cha mtu mwenye paka na watoto wa kuangusha stendi. Nimeona sababu hiyo ya pili ikishinda mara nyingi kuliko ya kwanza.

## Kuchagua

9. Ampifaya yangu ni wati 40. Itazisukuma?

Tafuta kwenye karatasi ya spika namba ya desibeli, kati ya 82 na 105. Inasema spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Kila desibeli 3 zinazopungua zinadai ampifaya yenye nguvu mara mbili. LS3/5A ina kama 83, Klipschorn kama 105. Tofauti hiyo ukiihesabu ni zaidi ya mara mia moja na hamsini: wati moja kwenye moja, wati mia na ushee kwenye nyingine.

Kwa spika ya desibeli 88, wati 40 zako zinafika desibeli 104 ukiwa mita moja. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Sebuleni inakutosha na inabaki.

Angalia pia omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Iliyoandikwa 8 ni rahisi kwa ampifaya nyingi. Iliyoandikwa 4 inavuta mkondo mkubwa, na ampifaya dhaifu itachemka. Weka kiganja juu ya kifuniko baada ya nusu saa: usipoweza kuhesabu mpaka kumi, hazipatani.

10. Nisikilize vipi dukani nisidanganyike?

Nenda na nyimbo zako unazozijua mpaka pumzi za mwimbaji. Muuzaji ana wimbo wake unaoipendeza kila spika duniani, usiukubali. Anza na sauti ya mtu, ya kike na ya kiume, kwa sababu sikio lako limezoea binadamu tangu kuzaliwa na hugundua mara moja akisemea puani au ndani ya ndoo. Kisha rumba yenye magitaa matatu: je, unaweza kulifuata la kati, lile la mi-solo, bila kulipoteza chini ya la solo?

Sauti zilingane. Spika yenye sauti kubwa kidogo itashinda kila mara, na wauzaji wanajua. Kama upo na mwenzio, mwambie abadilishe wewe umefumba macho. Floyd Toole, aliyepima spika kwa miaka mingi kwenye maabara za serikali ya Kanada na baadaye kampuni ya Harman, aliziweka nyuma ya pazia na kuwauliza wasikilizaji. Wasipoona nembo, ukubwa wala bei, watu walikubaliana kuliko ulivyodhani: walipenda zisizoongeza wala kupunguza kitu mbele, na ambazo sauti yake ya pembeni inafanana na ya mbele. Kwa hiyo simama, tembea kushoto na kulia. Ikibadilika rangi ghafla ukisogea hatua mbili, na nyumbani vigae vinakurudishia hiyo ya pembeni, utachoka nayo.

Na usinunue iliyokushtua. Ile inayometameta dakika za kwanza huumiza kichwa mwezi wa tatu. Sikiliza saa nzima. Ukijikuta umesahau kuikagua unaimba, zungumza bei.

## Kuoza na kutengeneza

11. Ringi ya sponji ni nini, na kwa nini kila fundi anaitaja?

Ni ile duara laini inayoiunganisha koni na fremu. Zipo za sponji, za mpira na za kitambaa kilichopakwa dawa. Sponji huoza yenyewe, hata spika isipopigwa, mara nyingi kati ya miaka 10 na 20, na joto na unyevu wa Pwani vinaiharakisha. Jozi yangu ya kwanza ya maana, ya Kimarekani, ilikuja nzuri kabisa ndani ya blanketi. Nikagusa ringi kwa ncha ya kidole. Kidole kikapita upande wa pili, kikarudi na unga mweusi unaonata kama masizi ya chungu. Muuzaji aliniapia imepigwa jana yake, na labda ilipigwa.

Mpira mzuri unakaa miongo, na kitambaa pia. Ukinunua mpya kwa ajili ya kudumu, chagua mpira au kitambaa, yameisha.

Ikishaoza haijafa. Fundi anakwangua gundi ya zamani kwa subira, anafungua kofia ya katikati, anaingiza vipande vya filamu kuizunguka koili ili isimame katikati, anagandisha ringi mpya, anasubiri hadi kesho, anatoa filamu. Kazi ya saa chache na usiku mmoja. Sharti ni ringi iwe ya wufa ile, kwa vipimo na kwa ulaini. Ringi ngumu ya sabufa ya mtaani itaikaba koni, na besi uliyoilipia itapotea.

12. Nilikuwa na ampifaya ndogo tu, mbona twita zimeungua?

Kwa sababu ni ndogo. Ukiifungulia mpaka mwisho inashindwa, mawimbi yanakatwa vichwa, na twita inapokea nguvu nyingi kuliko kawaida tena bila kupumzika. Koili yake ni nyembamba kama unywele. Ukisikia "krr" kwenye sauti kali, punguza papo hapo.

Sababu ya pili ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Spika yenyewe haijui umeme wa ukutani, ila ampifaya ikiungua vibaya inaweza kumwaga mkondo wa moja kwa moja kwenye wufa: koni inaruka mbele, inabaki huko, kisha harufu. Weka kilinda umeme na uchomoe radi ikianza.

13. Naangalia za mitumba. Nikague nini?

Nenda na tochi, mita ya kupimia umeme na betri moja ndogo, ile ya saa ya ukutani. Toa vitambaa vya mbele, utazame ringi, ubonyeze kwa upole. Sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa kote. Ukisikia mkwaruzo, koili imekaa upande. Pima nyuma kwa mita: ya omu 8 isome kama 5.5 hadi 7, ya omu 4 kama 3 na ushee. Isiposoma, waya au koili imekatika. Twita haipimiki hivyo kwa sababu ya kapasita; washa muziki wa chini, chukua kiini cha karatasi ya choo, weka sikio upande mmoja na twita upande wa pili.

Betri gusisha chanya kwenye nyekundu, mara moja tu. Koni itoke nje kwenye spika zote mbili. Moja ikitoka na nyingine ikaingia, mtu amezifunga kinyume. Zikiingia zote mbili na ni JBL za zamani, usigombane na muuzaji: kiwanda kile kilikuwa na utaratibu wake.

Tazama skrubu pia. Zenye vichwa vilivyoliwa zinasema zimefunguliwa. Uliza zilifunguliwa kwa nini.

14. Ninaishi Pwani. Hewa ya bahari itaziua?

Itajaribu. Vichwa vya kufungia waya vitaota kijani. Fungua kila miezi michache, safisha kwa spiriti na msasa laini. Vilivyopakwa dhahabu vinachelewa kushika kutu.

Adui mkubwa kuliko bahari ni ndoo ya deki. Maboksi mengi ni MDF, vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi. Kitako chake kikigusa maji kinayanywa, kinavimba kama mkate kwenye chai na hakirudi. Spika ndefu ziinue kwenye miguu ya chuma au mpira, na mwenye kupiga deki aambiwe kwa lugha nzuri, kabla, si baada.

Mchwa wanapanda kutoka ukutani. Usizigandamize ukutani, na mara moja kwa mwezi pitisha tochi chini ukitafuta njia zao za udongo.

15. Zenye ampifaya na Wi-Fi ndani je? Si rahisi zaidi?

Ni rahisi, na nyingi zinasikika vizuri mno kwa bei yake, kwa sababu mbunifu ameilinganisha ampifaya na kila wufa. Kwa miaka mitano ningekuambia chukua. Kwa ishirini na tano nasita. Ndani kuna bodi nyingi, na bodi ikifa na kiwanda hakiiuzi tena, una boksi zuri la kuwekea maua. Programu ya simu huzeeka kabla ya mpira wa ringi. Ukizipenda, chagua zenye tundu la waya wa kawaida ili siku Wi-Fi ikifa muziki uendelee. Na za kutoka Marekani hakikisha zinakubali volti 230. Za volti 120 pekee zitafuka moshi siku ya kwanza.

16. Kampuni ikifilisika au ikauzwa?

Itauzwa. KEF ya Uingereza ilinunuliwa na Gold Peak ya Hong Kong mwaka 1992. Harman, mwenye JBL, alinunuliwa na Samsung mwaka 2017. Jina hubaki, vipuri vinaweza kubadilika. Kinachokulinda ni wingi: spika iliyouzwa kwa maelfu ina watu wanaotengeneza vipuri hata bila mwenyewe. LS3/5A ilitumia wufa na twita za KEF ambazo KEF iliacha kuzitengeneza, lakini Falcon Acoustics ya Uingereza inazitengeneza upya. Spika ya ajabu ya kiwanda cha watu watatu inaweza kuwa bora kuliko zote, ila nunua na jozi ya twita za akiba siku hiyohiyo.

## Maswali ya pembeni

17. Waya wa bei ghali unasaidia?

Shaba tupu, milimita za mraba 2.5, inatosha sebule yoyote. Kwangua ncha kwa wembe: ikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie. Pesa iliyobaki, swali la 6.

18. Nimepata zile bapa kama mlango, zinazochomekwa umeme. Niko Zanzibar.

Hizo zina utando mwembamba wenye maelfu ya volti, ndugu za Quad ya 1957. Kwa sauti ya mtu sijasikia kitu kinachozishinda. Lakini volti hizo zinavuta vumbi, na hewa yenye maji inaivujisha chaji: sauti inafifia, au unasikia "tik, tik" ya cheche. Kama chumba kina kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku, hata wakati wa masika, zichukue. Vinginevyo mwachie mtu wa Arusha.

19. Kuna kitu kinatembea ndani ya spika.

Mende, mjusi, au nyigu aliyejenga udongo kwenye tundu la besi. Toa wufa taratibu, safisha, kisha funika tundu kwa soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa. Usipulize dawa ndani. Inaweza kuila gundi na koni.

20. Spika za marehemu baba zimekaa stoo miaka kumi na tano. Niwashe tu?

Subiri. Kagua kama swali la 13, kisha washa chini kabisa kwa saa moja. Zikiwa butu, sauti za juu hazipo, shuku vitu viwili: kapasita za krosova zilizozeeka, ambazo fundi hubadilisha kwa thamani ileile, na kimiminika cheusi kilichomo kwenye twita nyingi, ambacho hukauka kikawa kama lami na kuishika koili. Vyote vinatengenezeka. Badilisha pande zote mbili, hata kama imeumwa moja tu, la sivyo mwimbaji atahamia upande mmoja.

Ukimaliza, andika kwenye kipande cha karatasi tarehe, jina la fundi, namba za kapasita na aina ya ringi, ukibandike ndani ya boksi nyuma ya wufa. Nilipofungua jozi moja ya miaka ya 1970 nilikuta karatasi ya hivyo, mwandiko wa kalamu ya wino, fundi ambaye sijui ni nani. Alikuwa ameandika thamani za kapasita zote nne na chini yake, "koili ya kushoto imekaza, usisukume".